Mtaalamu wa Kuja: Namna ya Kumpata Atakayeifaa Timu Yako

Ijumaa basi la kukodi linaelekea Bagamoyo. Kuna fulana zenye nembo ya kampuni, kuna kuvuta kamba na kukimbia na magunia, na kuna mwezeshaji mwenye kipaza sauti anayewataka wahasibu wawakumbatie watu wa mauzo. Jumatatu mhasibu hapokei simu ya mtu wa mauzo, kama ilivyokuwa Alhamisi. Ankara ya mwezeshaji imeshalipwa.

Simlaumu mwezeshaji. Aliitwa kuchangamsha watu, akawachangamsha. Kosa lilifanyika mapema zaidi, siku bosi aliposema "timu yangu haina umoja" na asitokee wa kumuuliza amejuaje. Sehemu kubwa ya kazi ya kumchagua mtaalamu hufanyika kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, nayo ni kujua shida imekaa wapi. Mkufunzi, mwezeshaji, mshauri elekezi, kocha na msuluhishi ni watu watano tofauti, hata kama wote huingia ofisini na kompyuta mpakato na kuulizia projekta.

Tuseme ni ofisi ya wakala wa forodha pale Dar es Salaam. Mizigo inachelewa kutoka bandarini na wateja wanang'aka kwa sababu ya storeji, ile tozo ya mzigo uliopitisha siku za bure bandarini. Watu wa nyaraka wanawatupia lawama watu wa uwanjani, na wa uwanjani wanasema nyaraka haziwafikii kwa wakati. Kwa macho ya bosi, hapo umoja umekufa. Lakini chukua faili la kontena moja, lifuatilie tangu linapofunguliwa hadi lori linapotoka getini, uandike pembeni saa lilipoingia kila meza na saa lilipoondoka. Huenda ukakuta limelala siku nzima mezani kwa bosi mwenyewe likisubiri saini ya malipo, kwa kuwa hapo hakuna senti inayotoka bila saini yake, naye alikuwa Mwanza. Watu wanagombana kwa sababu wote wamebanwa na jambo ambalo hakuna kati yao mwenye mamlaka nalo. Leta kocha bingwa kutoka London, storeji italipwa vilevile.

J. Richard Hackman, profesa wa Harvard aliyechunguza timu za kazi kwa miongo kadhaa, kuanzia marubani hadi wanamuziki wa okestra, alikuwa na makadirio ambayo kila meneja angeyabandika ukutani. Alisema kwamba takribani asilimia 60 ya mafanikio ya timu hutokana na jinsi ilivyoundwa: nani yumo, lengo ni lipi, nani anaamua nini. Asilimia 30 hutokana na jinsi ilivyoanzishwa. Kinachobaki kwa ajili ya ukocha wa wakati kazi inaendelea ni asilimia 10. Ni makadirio ya mtaalamu, wala hayakupimwa kwa rula, lakini yanaeleza kwa nini semina nyingi nzuri hazibadilishi kitu: zinashughulikia ile kumi na kuiacha sitini kama ilivyo.

Kwa hiyo lifuatilie faili lako mwenyewe kwanza. Kisha andika shida kwa sentensi moja isiyotaja tabia ya mtu. "Hawajitumi" haimsaidii mtaalamu yeyote. "Mizigo mingi inatoka baada ya siku za bure kwisha, na faili hukaa zaidi mezani kwa mhasibu na kwa mkurugenzi" inamsaidia, na pengine itakuonyesha kwamba humhitaji. Badilisha utaratibu wa saini, ubaki na pesa zako.

Ukiona bado unamhitaji, jiulize ni wa aina gani. Kuna kipimo rahisi cha kutambua kama watu hawajui au kuna kingine. Mfanyakazi akiahidiwa mshahara wa miezi mitatu mkononi, ataweza kuifanya leo ipasavyo kazi inayomshinda? Kama hataweza, hajui, tafuta mkufunzi. Kama ataweza, ujuzi anao, na mafunzo yatakuwa siku mbili za chai na vitafunwa. Nasema hivi nikijua kwamba semina ina utamu wake, posho ikiwamo, na ndiyo maana ukiwauliza wafanyakazi wanataka nini mara nyingi watakujibu "mafunzo."

Shida ikiwa kwenye mtiririko wa kazi, unayemhitaji ni mshauri elekezi wa michakato, mtu wa kukaa na watu mezani na kufuatilia mafaili. Shida ikiwa ni mazungumzo yasiyofanyika, yaani kila mtu anajua kinachokwamisha ila hakuna wa kukitamka, hapo ndipo mwezeshaji mzuri anapopata ujira wake kihalali. Yeye haleti majibu. Anaongoza kikao ambacho bosi hawezi kukiongoza, kwa kuwa bosi ni sehemu ya mada. Pesa zikipotea, ita mkaguzi, na kwa Tanzania hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Na jambo likishafikia haki za mtu, kama kufukuzwa kazi au kunyanyaswa, usilifunike kwa kikao cha kujenga timu. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo hazisimami ati kwa kuwa mwezeshaji bado anaandaa ratiba.

Kocha anahitaji maneno zaidi, maana siku hizi kila aliyestaafu mapema ni kocha. Hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita hivyo. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lina ngazi tatu za cheti: ACC huhitaji angalau saa 60 za mafunzo na 100 za ukocha, PCC saa 125 na 500, na MCC saa 200 na 2,500. Jina la mwenye cheti unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye orodha yao. Ila angalia jambo moja: saa hizo kwa kawaida ni za kukaa na mtu mmoja mmoja. Kumsaidia meneja mmoja apunguze hasira si sawa na kusimama mbele ya watu kumi na wawili wasiosalimiana, na ndiyo maana ICF yenyewe ina cheti cha pekee cha ukocha wa timu. Kwa Kenya, ukitafuta mtaalamu wa rasilimali watu, ipo sheria ya mwaka 2012 inayosimamia taaluma hiyo na usajili wa wataalamu wake. Omba namba yake ya usajili bila kuona haya.

Sasa una majina matatu. Waite mmoja mmoja, na kabla ya kusikiliza majibu yao, hesabu maswali yao. Anayekutumia programu ya siku tatu na bei kabla hajauliza timu ina watu wangapi anauza kitu alichokwisha kukipika. Edgar Schein, aliyefundisha MIT na kuandika juu ya kazi ya ushauri mwaka 1969, alitofautisha njia tatu za kumsaidia mteja. Kuna kumuuzia ujuzi anaoutaka, kuna kumpima na kumwandikia dawa kama daktari, na kuna kumsaidia aione shida yake mwenyewe na kuitatua. Njia mbili za kwanza hufaa pale tu mteja anapojua kwa hakika anachougua, au mgonjwa anaposema kweli yote. Maofisini hayo mawili ni adimu. Mfanyakazi gani atamweleza mgeni kwamba kinachokwamisha kazi ni shemeji wa mkurugenzi, tena siku ya kwanza?

Mimi humpima mtaalamu kwa maswali mawili. La kwanza: kazi gani ilikushinda, na kwa nini? Asiye na hata moja ama ni mgeni kwenye kazi hii ama hasemi kweli. La pili: utafanya nini ukigundua kwamba tatizo ni mimi? Hapo usisikilize maneno tu. Anayecheka na kusema "haiwezekani, bosi" ameshakuambia ripoti yake itakuwaje. Anayekuuliza kwa upole ungependa ukweli huo uletwe kwako faraghani au kikaoni, huyo ameshawahi kufika huko.

Muulize pia nani hasa atakuja. Kampuni kubwa za ushauri zina desturi ya kumleta mzee mwenye mvi kwenye mazungumzo ya zabuni, kisha kazi ikafanywa na vijana wawili waliohitimu juzi. Vijana si wabaya, lakini walipwe bei ya vijana, na majina yao yawe kwenye mkataba. Na usisahau lugha. Kama wapakuaji, madereva na makarani wanagombana kwa Kiswahili, mtaalamu ambaye slaidi zake zote ni za Kiingereza atasikilizwa na watu wa ghorofani peke yao, nao ndio waliokuwa wanasikilizwa tangu zamani.

Wadhamini wake wapigie, lakini usiishie kwa bosi aliyelipa. Bosi aliyelipa milioni kadhaa hapendi kusema alitupa pesa. Omba kuzungumza na mtu wa ngazi ya chini aliyekuwepo, na umuulize kimebaki nini baada ya miezi sita. Akianza kukusimulia michezo na chakula, shukuru, kata simu.

Mfano wa kazi ya wageni iliyobakiza kitu upo hapa Tanzania. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, ilianza kutumia hospitalini mbinu ya 5S ya kupanga mahali pa kazi, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa miongoni mwa za mwanzo. Mbinu yenyewe ilizaliwa viwandani Japani, na kielelezo cha kuitumia hospitalini kilitoka Sri Lanka, kwenye hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo. Kwa Kiswahili hatua zake zikaitwa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tazama mpangilio: wageni walileta mbinu, lakini waliopanga kabati la dawa na kuweka alama kwenye rafu walikuwa wauguzi na wahudumu wa wodi husika, wakiwa katika timu zao ndogo za kuboresha kazi. Mgeni alipopanda ndege, waliokuwa wakijua kabati lile walibaki. Kwa hiyo muulize unayetaka kumwajiri: ukiondoka, nani kati ya watu wangu atakuwa anaifanya kazi yako, na utamwandaa lini?

Ukishaamua, hadidu za rejea ziwe kurasa mbili, zisiwe ishirini. Sehemu ambayo wengi huiruka ni ya siri. Andika wazi kwamba mahojiano na wafanyakazi ni ya faragha, kwamba ripoti itataja mambo bila majina, na kwamba timu itaiona siku hiyo hiyo unapoiona wewe au muda mfupi baadaye. Neno moja likivuja kutoka kwenye mahojiano hayo, mtaalamu wa pili na wa tatu watalipia: watu watawajibu "kila kitu kipo sawa" hadi wastaafu.

Malipo yawe kwa awamu, na ya mwisho yafungwe kwenye kitu kinachoonekana. Donald Kirkpatrick, tangu mwaka 1959, alitenganisha ngazi nne za kupima mafunzo: watu walifurahi, walijifunza, walibadili utendaji, na kazi ikazaa matokeo. Fomu inayogawiwa mlangoni saa kumi jioni hupima ya kwanza tu. Wewe rudi kwenye sentensi yako ya faili, uhesabu tena baada ya miezi mitatu. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mshauri mkazi ikatwe na ipelekwe, Tanzania na Kenya pia, na mwambie mapema ili asije akashangaa. Na ukisikia kwamba mtu wa manunuzi anampendekeza mmoja kwa bidii isiyo ya kawaida, ulizia cha juu ni kiasi gani.

Njia salama kuliko zote ni kununua kidogo kwanza. Mlipe siku mbili za kuchunguza tu, kwa mkataba wake wenyewe: aongee na watu, afuatilie mafaili mawili matatu, akuletee ukurasa mmoja wa alichokiona. Hakuna ahadi ya kuendelea, kwako wala kwake. Ukurasa huo ukikueleza jambo usilolijua, mpe kazi. Ukirudia ulichomwambia wewe kwa maneno mazuri zaidi, mlipe siku zake mbili na umpigie wa pili kwenye orodha.