Kazi Doha kwa viza ya matembezi?

Swali: Mimi ni fundi wa umeme, Mombasa. Wakala ameniahidi kazi Doha, lakini anataka nisafiri kwa viza ya matembezi. Nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu. Viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi Qatar. Ukikamatwa, utakayeumia ni wewe. Dai mkataba wa maandishi kabla ya kusafiri, utazame mshahara wa msingi: tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Pasipoti kaa nayo mwenyewe; sheria inamkataza mwajiri kuizuia. Wakala akikataa kukuonyesha mkataba, achana naye.