Bili ya Stima Kujilipa Yenyewe: Nani Anaamua Ni Pesa Ngapi?

Tokeni ina tabia ya kuisha saa tatu usiku, sufuria ikiwa bado jikoni na simu ikiwa na chaji kidogo. Ndiyo maana swali hili hurudi kila mara: naweza kupanga stima ijilipe yenyewe kila mwezi, nisiifikirie tena? Unaweza, lakini si yote. Ukijua ni sehemu gani inajilipa na ni gani bado inakungoja wewe, utalala na taa. Usipojua, unaweza kukatwa pesa mwezi baada ya mwezi na bado ukae gizani.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi huchanganya. Malipo ya kujirudia ni ya aina mbili. Ya kwanza, wewe ndiye unatoa agizo: kila tarehe 1 toa shilingi 1,000, peleka kwa namba hii ya Paybill, akaunti hii, mpaka mwezi fulani. Kiasi umekitaja wewe. M-PESA Ratiba, iliyozinduliwa 2024, hufanya kazi hivi, na benki zimekuwa na maagizo ya kudumu ya namna hii kwa miaka mingi. Ya pili, unasaini fomu inayompa anayekudai ruhusa ya kukata mwenyewe kwenye akaunti yako ya benki. Hapo yeye ndiye anayetaja kiasi, kulingana na bili ya mwezi huo.

Tofauti inaonekana ndogo mpaka bili ipande. Kwa agizo lako mwenyewe, bili ikitoka 1,800 ikawa 2,600, simu yako haijui. Italipa ile 1,800 uliyoiambia, na 800 inabaki deni. Kwa ruhusa ya kukatwa, deni halibaki, lakini mita ikisomwa vibaya pesa itakuwa imeshatoka kabla hujapata nafasi ya kulalamika. Kwa nyumba nyingi tunazozijua, ambako pesa huingia kidogo kidogo, afadhali agizo lako mwenyewe. Ruhusa ya kukatwa inamfaa mtu mwenye mshahara wa uhakika na akaunti isiyokauka katikati ya mwezi. Ukiamua kuisaini, tafuta mambo matatu kwenye fomu: kiwango cha juu wanachoruhusiwa kukata, siku ya kukata, na jinsi ya kuifuta. Kama hakuna kiwango cha juu, uliza kabla ya kuweka sahihi.

Sasa angalia mita yako. Kama ni ile ya bili ya mwisho wa mwezi, Paybill ya Kenya Power ni 888888, na bili yako unaweza kuiangalia kwa *977#. Chukua bili za miezi sita, tafuta wastani wake, kisha weka agizo la kiasi hicho. Mwezi ukilipa zaidi ya bili, ile ziada hukaa kwenye akaunti yako ya stima na kupunguza bili inayofuata. Mwezi ukilipa pungufu, ongeza tofauti kwa mkono. Ni kazi ya dakika mbili, lakini lazima ufungue ile bili uisome.

Mita ya tokeni ndiyo yenye mtego. Paybill yake ni 888880 na namba ya akaunti ni namba ya mita. Pesa inaweza kwenda yenyewe, sawa. Lakini kinachorudi ni SMS yenye tarakimu 20, na tarakimu hizo haziingii kwenye mita mpaka mtu azibonyeze. Tena SMS huja kwa simu iliyolipa. Fikiria baba anayefanya kazi Mombasa, amepanga malipo ya nyumba iliyoko Kakamega. Pesa imetoka alfajiri, tokeni imelala kwenye simu yake, na watoto huko nyumbani wanasomea mshumaa kwa sababu yuko zamu na hajatazama simu. Kama nyumba yako iko hivyo, afadhali agizo lipeleke pesa kwa aliye nyumbani, yeye anunue. Au panga malipo siku tatu nne kabla ya yuniti kuisha, ili SMS ikichelewa kufika nyumbani bado kuna stima.

Jambo lingine: usitegemee shilingi 1,000 ikupe yuniti zilezile kila mwezi. Ndani ya bei kuna gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, na hizo hubadilika kila mwezi. Juu yake kuna VAT na tozo ya umeme vijijini. Kuna pia madaraja: tangu Aprili 2023, nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini, inayovuka 30 mpaka 100 hulipa bei ya kati, na inayopita 100 hulipa zaidi. Kwa hivyo ukinunua friji au hita ya kuoga, agizo la mwaka jana halitoshi, hata kama hakuna aliyetangaza kupandisha bei.

Kwa sola ya kulipa kidogo kidogo, malipo ya kujirudia yanafaa sana. Kiasi hakibadiliki, na siku ulizolipia zikiisha kifaa hujifunga. Hapo weka agizo la kila siku au kila wiki, kulingana na jinsi pesa inavyokuingilia. Mwenye kibanda cha mboga hana haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Ila weka tarehe ya mwisho ya agizo, ile siku deni la sola litakapoisha. Agizo lisilo na mwisho halijui kwamba umemaliza kulipa.

Gesi ya mtungi ni kinyume chake. Hujui kilo 6 zitaisha lini, hasa wageni wakija. Badala ya kupanga malipo kwa duka, panga shilingi 50 kila siku ziende kwenye akiba yako. Mtungi ukiisha, pesa ya kuujaza iko tayari.

Na siku ya malipo ikifika kukiwa hakuna salio? Hapa soma masharti vizuri. Huduma nyingine huacha tu malipo yapite, nyingine hujaribu tena. Benki nyingi hutoza ada agizo likikosa pesa. Kama una huduma ya mkopo wa kumalizia malipo, hakikisha unajua iwapo agizo linaweza kuigusa, kwa sababu tokeni iliyonunuliwa kwa mkopo ina ada yake na huenda usiione mpaka mshahara uingie pungufu. Sisi hupendekeza tarehe ya malipo iwe siku moja au mbili baada ya pesa kuingia, si siku ileile. Mshahara huchelewa.

Hakuna mfanyakazi wa huduma yoyote anayehitaji namba yako ya siri ili "kuwasha" malipo ya kujirudia. Akiiomba, kata simu.

La mwisho ni kwa wapangaji. Mita ni ya nyumba, si yako. Ukihama, agizo halihami nawe, litaendelea kununua tokeni ya nyumba ya zamani, na tarakimu zile 20 haziwezi kuingia kwenye mita nyingine yoyote. Siku unapoita gari la kubeba vitu, fungua orodha ya maagizo kwenye simu na ufute lile la stima kwanza. Ukifika nyumba mpya, soma namba iliyo kwenye mita yenyewe badala ya kuisikiliza kwa simu, nunua tokeni ya 100 kwa mkono uone kama inaingia, na uangalie kama kuna kiasi kimekatwa kwa deni la aliyekutangulia. Kikikatwa, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuweka agizo jipya.