SOMO LA WIKI: Anwani ya biashara isiwe mlango wa nyumbani

Mfanyabiashara mdogo wa Mafia anapojaza fomu ya kusajili jina la biashara hukutana na swali ambalo wengi hulijibu haraka kuliko yote: biashara iko wapi? Wengi huandika nyumbani, kwa kuwa nyumbani ndiko mizani iliko, ndiko friza iliko na ndiko wateja wanakopiga hodi. Jibu hilo si kosa kisheria. Hata hivyo lina gharama yake, na ni vema gharama hiyo ikajulikana mapema, kwa sababu daftari la Msajili ni la wazi. Mtu yeyote anayelipa ada anaweza kupata taarifa zilizomo, bila kuulizwa ana shida gani na mwenye biashara.

ZAMANI SANDUKU LILITOSHA

Katika miaka ya 1990 jambo hili halikuwasumbua watu wengi. Anwani ya mfanyabiashara ilikuwa sanduku la posta. Aliyeandika "S.L.P., Mafia" alimfikisha mgeni hadi posta ya Kilindoni tu, na hapo safari ikaishia. Kumjua mtu anakaa wapi kulihitaji kuuliza, na anayeuliza huonekana.

Mambo yamebadilika kwa hatua mbili. Kwanza, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanza kazi mwaka 1999, tangu mwaka 2018 unapokea maombi kwa njia ya mtandao, na fomu yake inataka mkoa, wilaya, kata, mtaa na nyumba. Pili, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilizipa barabara majina na nyumba namba, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo. Ni maendeleo makubwa kwa anayepeleka mzigo au kumkimbiza mgonjwa. Lakini maana yake ni kwamba anwani iliyoandikwa leo haimwachi mgeni posta, inamfikisha mlangoni.

Kisiwani penyewe siri hiyo ni ndogo. Wilaya iliyohesabiwa watu 46,438 katika sensa ya mwaka 2012 ni mahali ambapo jirani anajua nani ananunua pweza na nani anauza mbata. Tatizo ni mtu wa mbali: tapeli aliyepata jina kwenye risiti, mteja aliyekosana na muuzaji kwa simu, au mwenye nia mbaya anayejua kuwa bamvua linapokupwa, mnunuzi wa pweza huwa na fedha taslimu ndani. Huyo hamjui mtu wa kumuuliza. Anategemea karatasi.

ANWANI TATU, SI MOJA

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa biashara ina anwani moja. Zipo tatu: mahali kazi inapofanyika, mahali barua zinapopokelewa, na mahali mwenye biashara anapolala.

Ya kwanza lazima iwe ya kweli. Leseni ya biashara hutolewa kwa mahali maalum, na afisa biashara wa Halmashauri ana haki ya kufika na kuona. Sanduku la posta haliwezi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa hakuna biashara inayofanyika ndani ya sanduku.

Ya pili ndiyo kazi ya sanduku la posta, pamoja na simu na barua pepe. Hapa mfanyabiashara ana uhuru mkubwa, lakini awe mwangalifu. Wengi hutumia sanduku la shule, la ofisi ya mume au la mtu wanayefahamiana naye. Barua ya namna hiyo hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe. Anayetafuta faragha kwa sanduku la kuazima amehamisha siri yake kutoka kwa mgeni kwenda kwa karani.

Ya tatu nayo huulizwa. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, inamtaka mwenye jina ataje makazi yake ya kawaida, na kwa kampuni makazi ya wakurugenzi huingia katika daftari. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba kufungua kampuni kunatosha kumficha. Faida ya kutenganisha ni hii: anwani ya mahali pa kazi ndiyo inayosambaa. Ipo kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, kwenye ankara, kwenye risiti na kwenye bango. Makazi yakiwa mbali nayo, yatabaki ndani ya jalada, na atakayeyapata ni yule tu aliyekwenda kulifungua.

ANAYEDANGANYA HULIPA

Wapo wanaojaribu njia ya mkato kwa kuandika mtaa usio wao, au nyumba ya ndugu aliyehama. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Barua muhimu za biashara huhesabiwa kuwa zimefika zikipelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa. Hati ya madai dhidi ya kampuni inaweza kuachwa katika ofisi iliyosajiliwa au kutumwa huko kwa posta, na asipotokea mtu mahakamani, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja.

Kwa upande wa kodi hesabu ni nyepesi kuielewa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inatoa siku 30 tangu kupokea uamuzi wa kodi ili kuwasilisha pingamizi. Anayepinga hutakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokipinga, kipi ni kikubwa. Chukulia mfano wa mnunuzi wa dagaa aliyekadiriwa Sh 3,000,000 na kuona kuwa makadirio ni makubwa mno. Akiipata barua kwa wakati na akapinga kodi yote, huanza na Sh 1,000,000 huku akijenga hoja yake. Barua ikilala kwa shemeji Mbagala mpaka siku 30 zipite, deni ni Sh 3,000,000, na itambidi kwanza aeleze kwa nini alichelewa.

MAHALI PA KUCHAGUA

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia zilizo wazi ni nne.

Fremu au chumba cha ofisi Kilindoni ndiyo njia safi. Ina pango la kila mwezi, na mkataba wake hutakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, lakini ni mahali pa kweli ambapo afisa, mteja na tarishi wanaweza kufika bila kugusa nyumba. Wafanyabiashara wawili au watatu wanaweza kushirikiana chumba kimoja, kila mmoja akiwa na leseni yake, ilimradi mwenye nyumba akubali kwa maandishi.

Banda la kazi, kama ghala la mbata au banda la kupokelea samaki, nalo laweza kuandikwa kama ndiko biashara iliko. Mwenye kazi kijijini, iwe Jibondo, Kirongwe au Utende, amwone mtendaji wa kijiji ili banda litambuliwe kwa anwani yake lenyewe, lisichukuliwe kuwa sehemu ya nyumba.

Ofisi ya wakili au mhasibu huwafaa wenye kampuni. Tatizo lake kwa mtu wa Mafia ni bahari. Barua iliyopokelewa Dar es Salaam Ijumaa bado inasubiri mtu wa kuipeleka Nyamisati na boti ya kuvuka. Mkataba utaje kwamba barua ifunguliwe na ipigwe picha siku ileile, kisha itumwe kwa simu.

Nyumbani ni njia ya mwisho, na kwa wengi ndiyo pekee wanayoimudu. Hapo kinachowezekana ni kupunguza. Chumba cha kazi kiwe na mlango wake wa nje. Biashara iwe na laini yake ya simu. Malipo yapokelewe kwa namba ya malipo ya biashara, ambayo humwonyesha mteja jina la biashara, badala ya namba binafsi inayoonyesha jina la mwenyewe. Kwenye ankara na mabango yaandikwe kijiji na sanduku la posta.

WENGINE WAMEFANYAJE

Uingereza imelipitia suala hili pande zote mbili. Tangu Oktoba 2009 mkurugenzi wa kampuni anaruhusiwa kuweka anwani ya kupokelea nyaraka katika daftari la wazi, huku makazi yake yakihifadhiwa pembeni. Lakini tangu Machi 2024 sanduku la posta peke yake halikubaliki kuwa ofisi iliyosajiliwa. Makazi hufichwa, mahali pa kumpata mhusika hapafichwi.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Haifungi daftari la Msajili, lakini inambana anayekusanya taarifa za mtu kwa kazi moja kisha akazitumia kwa nyingine. Anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

KABLA YA KUTUMA FOMU

Mfanyabiashara ajiulize mambo mawili. Je, barua ikiandikwa leo kwa anwani hii, itafika mkononi mwake ndani ya wiki moja? Na je, mgeni akija na anwani hii mkononi, atakuta biashara au atakuta watoto? Anwani iliyofaulu maswali yote mawili ndiyo ya kusajili. Akihama, BRELA, TRA na Halmashauri waarifiwe wote, kwa kuwa kila ofisi ina jalada lake, na jalada lililosahaulika ndilo litakalopelekewa barua.