Vidokezo 8 vya Kuandika Programu ya Kunasa Logi za Poti ya Siriali

Kifaa chako cha ESP32 kinajiwasha upya usiku wa manane, na asubuhi unakikuta kinafanya kazi kama kawaida. Sababu ilitoka kwa maandishi kupitia kebo ya USB, lakini hapakuwa na wa kuyasoma. Hapo ndipo inapohitajika programu ndogo ya terminali inayosikiliza poti na kuweka kila kitu kwenye faili. Kwa Python na maktaba ya pyserial, toleo la kwanza unaliandika kwa mistari michache tu. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba haipotezi kitu.

1. Hifadhi baiti kwanza, herufi baadaye. Hiki ndicho kidokezo ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Data ya siriali haina ahadi ya kuwa maandishi safi. ESP8266, kwa mfano, kwa kawaida hutoa ujumbe wake wa kuwaka kwa kasi ya 74880, kisha programu iliyo ndani yake inahamia 115200. Ukisikiliza kwa 115200, mwanzo wote ni takataka. Ukiilazimisha Python isome takataka hizo kama UTF-8, itatupa hitilafu na programu itakufa, pengine dakika ileile uliyoihitaji. Kwa hiyo fungua faili kwa hali ya `ab` na uandike baiti jinsi zilivyokuja. Kwenye skrini tumia `errors="replace"`, baiti mbovu ionekane kama alama na kazi iendelee.

2. Piga hesabu ya ukubwa wa faili mapema. Katika mpangilio wa kawaida wa 8N1, kila baiti husafiri na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, jumla biti 10. Kasi ya 115200 basi hubeba baiti 11,520 kwa sekunde. Kifaa kisichonyamaza kitakujazia karibu gigabaiti nzima kwa siku. Anza faili jipya kila siku, au kila linapofika ukubwa uliouweka.

3. Piga muhuri wa wakati herufi ya kwanza ya mstari inapofika. Ukisubiri mwisho wa mstari, kifaa kilichokwama katikati ya sentensi kitapewa saa ya uongo. Andika tarehe kamili pamoja na tofauti ya ukanda, mfano `2025-03-14T02:07:31+03:00`, ili mwenzako aliye Nairobi na mteja aliye Ulaya wasome tukio moja kwa namna moja. Weka pia sekunde zilizopita tangu programu ianze, kutoka `time.monotonic()`, kwa sababu saa ya kompyuta inaweza kurekebishwa na mtandao katikati ya kazi.

Ila usiziamini sana milisekunde. Chipu za FTDI, kwa mpangilio wa kiwandani, zinaweza kushikilia data hadi milisekunde 16 kabla ya kuituma. Ukihitaji usahihi zaidi ya huo, kifaa chenyewe ndicho kichapishe saa yake.

4. Tunza kipande cha mstari kisichokamilika. `readline()` yenye kikomo cha muda hurudisha nusu ya mstari muda ukiisha. Ukikichukulia kila kipande kama mstari kamili, logi itakatikakatika na mihuri itaingia katikati ya maneno. Soma kwa `read()`, weka kwenye bafa, kata panapotokea alama ya mstari mpya. Na programu inapofungwa, andika kilichobaki ndani ya bafa. Maneno ya mwisho ya kifaa kabla ya kuanguka mara nyingi hayana mstari mpya, na ndiyo yenye thamani.

5. Kebo itachomoka, jiandae. Nasa `SerialException`, subiri sekunde moja, jaribu tena. Lakini usifanye kimyakimya: andika ndani ya logi kwamba mawasiliano yalikatika saa fulani na yakarudi saa fulani, la sivyo msomaji atadhani kifaa kilinyamaza. Kwenye Linux, `/dev/ttyUSB0` inaweza kurudi ikiwa `/dev/ttyUSB1`, hivyo pendelea majina yaliyo ndani ya `/dev/serial/by-id/`. Chipu nyingi za bei nafuu za CH340 hazina namba ya pekee. Ukiwa nazo mbili, tumia `/dev/serial/by-path/` na usibadilishe tundu.

6. Kufungua poti kunaweza kukiwasha upya kifaa. Arduino Uno hujiwasha upya kila waya wa DTR unaposhtuliwa, na bodi nyingi za ESP32 zina sakiti inayofanana na hiyo. Katika pyserial, unda `Serial()` bila jina la poti, weka `dtr` na `rts` kuwa `False`, ndipo ufungue. Kwenye Linux DTR bado inaweza kupanda kwa kitambo kidogo. Kwa Uno, kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND huzuia kifaa kujiwasha upya.

7. Tenganisha sauti mbili. Data ya kifaa iende stdout, ujumbe wa programu yako uende stderr. Hivyo mtu ataweza kuipitisha data kwa `grep` bila kuchanganyikiwa. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, kumbuka kwamba `flush()` huishia kwenye mfumo wa uendeshaji tu. Kinachoisukuma data hadi kwenye diski ni `os.fsync()`. Kuiita kila baada ya sekunde chache kunatosha.

8. Toa ujumbe wa hitilafu unaosaidia. Kwenye Ubuntu na Debian, anayekataliwa kufungua poti kwa kawaida hayumo kwenye kundi la `dialout`. Programu imwambie hivyo na impe amri: `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha atoke na kuingia upya. Weka pia `exclusive=True`, kwa sababu programu mbili zikisoma poti moja hunyang'anyana baiti.

Kabla ya kuiachia kazi ya usiku, ijaribu bila kifaa: `socat -d -d pty,raw,echo=0 pty,raw,echo=0` hukupa poti mbili za bandia zilizounganishwa. Tuma takataka upande mmoja, kata katikati ya mstari, bonyeza Ctrl-C, halafu fungua faili na uhesabu baiti ulizotuma, ukiiacha mihuri ya wakati. Zikipungua hata moja, rudi kidokezo cha 4.