Vilele 42 kwa Siku Moja

Kama unaishi Uluguru, Usambara au Upare, kupanda mlima kwako si habari. Unapanda kwenda shamba, unashuka kwenda sokoni. Je, ungeweza kupanda vilele 42 kwa usiku na mchana mmoja, kisha ukarudi ulikoanzia?

Bob Graham aliweza. Alikuwa na nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, kaskazini ya Uingereza. Juni 1932 alivimaliza vilele 42 kwa saa 23 na dakika 39. Alivaa raba, kaptura na shati la kulalia!

Milima ya huko ni mifupi. Mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una mita 978 tu. Kilimanjaro una mita 5,895. Lakini ukijumlisha kupanda kote kwa safari ile, unapata kiasi cha mita 8,200. Njia yenyewe ni kama kilomita 106. Ilipita miaka 28 ndipo mtu mwingine akaweza.

Mwaka 1975 Joss Naylor, mfugaji wa kondoo, alipita vilele 72 kabla saa 24 hazijaisha. Alikuwa na miaka 39. Watu walishangaa. Mimi sishangai sana, maana kila siku alifuata kondoo katika milima hiyo hiyo.

Hata leo wako wanaojaribu safari ya Graham. Kwa kawaida hawaendi peke yao. Katika kila kilele lazima awepo mwenzao wa kushuhudia. Wenzao hupokezana kubeba chakula, maji na nguo kavu. Mpandaji hula kidogo kidogo, kabla ya kusikia njaa. Akingoja njaa, nguvu zimekwisha.

Adui mkubwa ni baridi. Nguo zikilowa na upepo ukavuma, mwili hupoteza joto. Mtu hutetemeka, hujikwaa, kisha husema maneno yasiyoeleweka. Mwenzako akifika hapo, usimwambie, "Jikaze!" Mkinge na upepo. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu. Kama anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe. Tafuteni msaada upesi. Safari yenu imekwisha siku hiyo, hata kama kimebaki kilele kimoja.

MASWALI

1. Scafell Pike umepungua mita ngapi kuufikia Kilimanjaro?
2. Kwa nini mpandaji hangoji njaa?
3. Taja dalili tatu za mtu aliyezidiwa na baridi.
4. Zungumzeni darasani: Kijijini kwenu ni nani huenda mlimani peke yake? Asiporudi jioni, nani atajua alipita njia gani?