Maziwa ya Ngamia: Chakula Bora, Lakini Yachemshwe

Katika mji wa Isiolo biashara ya maziwa ya ngamia huanza mapema. Maziwa hukamwa mabomani, huletwa mjini, nao wanawake wa vyama vya ushirika, kama kile cha Anolei, huyapokea, huyapima na kuyapeleka Nairobi, ambako wanunuzi wengi wako mtaa wa Eastleigh. Baadhi ya wanunuzi huyataka kwa kuwa ni chakula walichokizoea tangu utotoni. Wengine huyanunua kama dawa, kwa kuwa wamesikia kwamba yanaponya kisukari na maradhi mengine mengi. Tena huambiwa kuwa ili yafanye kazi ni sharti yanywewe mabichi. Neno hili la mwisho lina hatari kubwa. Basi yafaa tuzipime habari hizi moja moja, tujue ipi ni kweli na ipi si kweli.

Nguvu iliyomo

Wazee wa Kiborana na Kisomali hawakukosea waliposema kwamba mtu aweza kuishi muda mrefu kwa maziwa ya ngamia. Ndani yake mna protini ya kujenga mwili, mafuta ya kuutia nguvu, na madini ya kuimarisha mifupa. Jambo linaloyatofautisha na maziwa ya ng'ombe ni vitamini C, ambayo katika maziwa ya ngamia huwa mara tatu hivi au zaidi. Vitamini hii ndiyo inayozuia kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu. Mtu wa Meru huipata katika matunda na mboga za shamba lake. Lakini mchungaji aliye mbali huko Merti au Garba Tulla, wakati wa kiangazi, hana chungwa wala sukuma wiki. Kwake yeye maziwa haya ni chakula na matunda pamoja.

Moshi wa kibuyu

Desturi ya kufukiza vibuyu nayo ina maana. Mama huchukua kijiti cha mti mgumu kama ejersa, yaani mzeituni wa mwituni, hukichoma, kisha hukisugua ndani ya chombo mpaka moshi uenee. Moshi huo hupunguza vijidudu vilivyo katika kuta za chombo, na hivyo maziwa hayaharibiki upesi. Tena huyapa harufu nzuri. Lakini tuelewe mpaka wa kazi yake. Moshi husafisha chombo. Hauwezi kuua ugonjwa uliotoka na maziwa katika kiwele cha mnyama.

Homa iliyojificha

Ugonjwa huo uitwao brusela huwapata ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu akiupata, homa humjia na kuondoka, hutoka jasho usiku, huumwa na viungo na mgongo, na huchoka hata asiweze kufanya kazi. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ana malaria, akanywa dawa isiyomfaa kwa miezi mingi. Mama mjamzito aweza kuharibikiwa na mimba.

Habari ya ugonjwa huu ilifahamika katika kisiwa cha Malta, ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Mwaka 1887 daktari David Bruce alikitambua kijidudu chake, na jina brusela limetokana na jina lake. Lakini njia kinayopitia haikujulikana. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi, akagundua kwamba mbuzi walioonekana wazima kabisa walikuwa nacho. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ile ikapungua upesi sana miongoni mwao.

Hapa pana fundisho kwetu. Mtu husema, "Ngamia wangu ni mzima, amenona." Hata mbuzi wa Malta walinona. Macho hayawezi kuuona ugonjwa huu. Kugandisha maziwa hakuaminiki kuuua pia. Moto ndio unaouua.

Je, moto huharibu maziwa?

Wengi husema kwamba maziwa yakichemshwa hupoteza nguvu. Kweli, sehemu ya vitamini C hupotea, na ladha hubadilika kidogo. Lakini protini inayojenga mwili, mafuta na madini hubaki. Tupime basi: upande mmoja ni kupungua kwa vitamini kidogo, upande wa pili ni ugonjwa ambao matibabu yake kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki sita hivi. Mwenye busara ataona upande ulio mzito.

Tena chai ya viungo ni rafiki wa afya. Maziwa yakitokota pamoja na majani, tangawizi na iliki, yamekwisha kuwa salama. Tangawizi pia hutuliza kichefuchefu. Neno moja tu: majani ya chai huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika chakula kama maharagwe na mboga. Kwa hiyo mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula. Wangoje saa moja au mbili.

Habari ya kisukari

Uchunguzi uliofanywa Bikaner, nchini India, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliokunywa nusu lita ya maziwa ya ngamia kila siku walihitaji insulini kidogo kuliko kwanza. Hii ni habari njema, lakini isomwe vizuri. Waliochunguzwa walikuwa wachache, nao waliendelea kutumia insulini wakiangaliwa na madaktari. Mgonjwa wa namna ile anayeiacha insulini kwa ajili ya maziwa aweza kufa kwa muda wa siku chache. Maziwa ni msaada wa dawa. Si badala yake.

Mambo ya kushika

1. Chemsha maziwa mpaka yatokote, kisha yafunike yapoe.

2. Ukitaka kuyagandisha, yachemshe kwanza. Kianzio kisitoke katika maziwa mabichi. Tumia mala ya dukani au maziwa yaliyogandishwa baada ya kuchemshwa.

3. Beba maziwa katika chombo cha alumini chenye mdomo mpana. Mtungi wa plastiki wenye shingo nyembamba haupitishi mkono, na uchafu hubaki ndani.

4. Usimsaidie mnyama aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, kwa maana ugonjwa hupita hapo pia.

5. Homa ikirudi mara kwa mara, nenda hospitali ukapimwe, ukaseme waziwazi kwamba unakunywa maziwa na kuchunga wanyama.

Maziwa ya ngamia ni mali ya watu wa Isiolo, na sifa zake ni za haki. Sifa hizo zitadumu ikiwa mnunuzi hatapata homa kutoka kikombe alichonunua ili kujipatia afya.