Dondoo muhimu: Fizi na meno imara kwa vyakula vya Nassa

Fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki. Mara nyingi chanzo ni utando wa bakteria unaojijenga kwenye mpaka wa jino na fizi. Ukiachwa hugeuka ugaga. Mti wa mswaki unafaa: tafuna ncha hadi itoe nyuzi laini, sugua taratibu asubuhi na kabla ya kulala, kisha kata ncha iliyochakaa. Dawa ya meno yenye floridi bado inahitajika.

Wakazi wa Nassa wana bahati ya Ziwa Victoria. Dagaa huliwa na mifupa yake, na kalisi iko humo. Minofu ya sangara haiwezi kufikia dagaa kwa kalisi. Mapera, maembe na ubuyu hutoa vitamini C inayohitajika kwa afya ya fizi. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ni mboga nzuri, ila kukaushwa juani huipunguzia vitamini hiyo, kwa hiyo kiangazi usikose tunda. Ukila matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), sukutua kwa maji, maana hunata kwenye meno.

La kuangalia sana ni magadi ya kulainishia maharage na mboga. Baadhi yana floridi nyingi, na mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengwa huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosugulika. Chakula chake kipikwe bila magadi.

Damu ikiendelea wiki mbili licha ya usafi, au jino likianza kulegea, nenda kituo cha afya.